Maji Ndani ya Ukuta

Mtu wa kwanza kuyasikia maji alikuwa Mzee Théophile. Macho yake yalikuwa yamefungwa na upofu kitambo, na siku zake alizipitisha kwa kusikiliza.

"Cadette," alimwita mke wa mwanawe asubuhi moja, "iko kitu inapumua mu ukuta."

Cadette alikuwa anafagia. Akasimama, akatega sikio, hakusikia kitu ila kuku wa jirani na pikipiki inayopanda barabarani. Angeweza kumjibu vile watu wanavyowajibu wazee, ndiyo baba, kisha aendelee na ufagio wake. Lakini alimjua. Mzee huyu alikuwa akitambua kwa nyayo nani ameingia uani na kama amekasirika. Akaweka ufagio chini, akauweka mkono ukutani mahali alipoonyeshwa. Palikuwa baridi. Rangi imefura kidogo, kama ngozi iliyoungua.

Nyumba yao iko Kasongo, nyuma ya shule ya misheni, na kuta zake ni za matofali mabichi, udongo uliokaushwa kwa jua na kupakwa simenti juu. Mume wa Cadette, Tambwe, alikuwa mtu wa machimbo ya dhahabu. Alifanya kazi pande za Lusangi na Kabambare, akirudi nyumbani mara chache, na kila aliporudi alitaka kuacha alama. Safari moja alikuta mtaa umeletewa maji ya chemchemi kutoka mlimani, kwa tiyo, bomba kubwa linalopita barabarani, chini ya kamati ya maji ya mtaa. Tambwe akaamua kwamba mkewe hatashuka mtoni tena. Alinunua tiyo za plastiki, akawasha makaa, akawa anachoma ncha ya tiyo moja mpaka ilainike ndipo aisukumie nyingine ndani, bila kole, ile gundi ya mabomba, vile alivyowaona watu wakifanya kwenye machimbo. Kisha akachimba mfereji mwembamba ndani ya ukuta, akaificha tiyo humo, akapaka simenti. Hakutaka tiyo ionekane. Alisema nyumba nzuri haionyeshi matumbo yake.

Siku hiyo jirani wote walikuja kutazama. Cadette alifungua robine iliyo katika chumba cha kupikia, maji yakaanguka ndani ya sufuria, na yeye akacheka mpaka akafunika uso kwa kitenge. Kwa miaka mingi shingo yake ilikuwa imebeba bido, yale madumu ya maji ya mtoni. Furaha ile ilikuwa ya kweli, na baadaye, mambo yalipoharibika, hakutaka mtu amwambie kwamba haikuwa ya kweli.

Kitu kimoja tu kilikosekana: vane, ile ya kufunga maji ya nyumba nzima mtu akitaka kutengeneza. Haikupatikana sokoni juma lile. Tambwe alisema ataileta safari nyingine. Safari nyingine ikaja, ikapita. Robine ilitoa maji vizuri, hakuna aliyeiulizia vane.

Baada ya mzee kusema lile neno la kupumua, Cadette alifanya jambo alilowaza mwenyewe. Alifunga robine mpaka mwisho, akamtuma binti yake Arlette akae nje na asipige kelele, akabandika sikio lake ukutani. Hapo akasikia. Sauti nyembamba sana, kama mtu anayenyonya hewa kwa meno.

Akapanda mpaka mahali penye rezo ya simu, akampigia mumewe.

"Baba Arlette, maji iko inatoka ndani ya ukuta. Baba anasikia. Na mimi nimesikia."

"Ni mvua hiyo," alisema Tambwe. Nyuma yake mashine ilikuwa inanguruma. "Wakati wa mvua ukuta inatoa jasho. Ufunge robine muzuri."

"Nimeifunga. Sauti inabakia."

"Nitaiangalia nikifika."

Ukuta haukungoja. Siku zilizofuata doa lilishuka mpaka sakafuni, na chini yake vumbi likawa matope. Cadette akamwita fundi Djuma, mtu wa mtaa wa msikitini anayefunga mabomba. Djuma alichukua msumari, akakwaruza simenti kidogo, akausukuma ndani. Msumari uliingia wote bila kupigwa nyundo. Alipouchomoa ulikuwa umejaa udongo laini.

"Mama Arlette, matofali hii imeisha kurudia udongo," alisema. "Lazima tupasue toka hapa mpaka pale, tuweke miti chini ya dari, tiyo itoke ipite inje."

"Anza."

Djuma alijifuta mikono. "Mwenye nyumba anasema nini?"

Cadette akampigia tena mumewe, safari hii Djuma akiwa pembeni yake. Tambwe alisikiliza, kisha sauti yake ikapanda.

"Mutu asiguse ukuta yangu! Fundi ni fundi, anatafuta kazi. Atavunja nyumba, nani ataijenga mimi nikiwa huku? Ngoja, Pasaka nitakuja."

"Afunge hata maji tu, akate tiyo ku uani..."

"Cadette. Nimesema ngoja."

Djuma alikuwa amesikia. Alikusanya vyombo vyake polepole, bila kumtazama usoni. "Ingekuwa ni yangu ningevunja leo," alisema. "Lakini ni nyumba ya mutu. Nikiivunja bila neno lake, kesho niko mbele ya chefu wa mtaa." Akamwachia shauri moja tu: amwondoe mzee upande ule.

Cadette alifanya lililokuwa katika uwezo wake. Alihamisha kitanda cha mzee kwenye chumba cha pili. Aliegemeza miti miwili ukutani. Kisha akawaza njia ya mzee, kwa maana Théophile alikuwa na namna yake ya kutoka nje: aliweka kiganja juu ya ukuta ule na kuufuata mpaka mlangoni, hajawahi kukosea. Cadette akafunga kamba ya nailoni upande wa pili wa nyumba, kutoka kitandani hadi mlangoni, akampeleka mzee mara kadhaa akiwa ameishika.

"Unanifunga kamba kama mbuzi," alisema mzee, akicheka.

"Ni kwa siku kidogo, baba. Mpaka mutoto wako arudi."

Aliitumia kamba Cadette alipokuwepo. Asipokuwepo, mkono wake ulirudia njia uliyoizoea.

Wakati huo maji ya mtaa yalikatika. Tiyo kubwa ilikuwa imepasuka huko mlimani, na vijana wa kamati walikuwa wanaitengeneza. Sauti ya ukutani ikanyamaza, doa likaanza kukauka pembeni, na Cadette akapumua kidogo. Aliwaza kwamba huenda wangefika Pasaka.

Maji yalirudi asubuhi moja yenye jua. Yalirudi kwa nguvu, kwa sababu tanki la mlimani lilikuwa limejaa na kila mtu alikuwa kazini, robine za mtaa zimefungwa. Cadette alikuwa uani anatwanga sombe, majani ya muhogo. Arlette alikuwa shuleni. Kishindo kilipotokea hakikuwa kikubwa. Kilikuwa kama gunia la mihogo lililoangushwa sakafuni. Alibaki ameshika mchi juu, akiwaza gunia gani. Ndipo akaona vumbi linatoka mlangoni, na chini ya vumbi, maji.

Ukuta ulikuwa umelala ndani. Mguu mmoja wa mzee ulionekana, na mkono wake wa kulia, ule uliozoea kufuata ukuta. Tiyo iliyovunjika ilikuwa imesimama juu ya kifusi, inarusha maji mpaka kwenye bati. Cadette alipiga magoti akaanza kuchimba kwa vidole. Kila tofali aliloshika lilivunjika likawa tope, na tope likashuka likajaza mahali alipotoa. Akaelewa kwamba maji yatamfunika mzee kabla hajamtoa. Akasimama, akavua kitenge chake, akakisokota na kukisukuma mdomoni mwa tiyo. Maji yalikirusha nje. Akakisukuma tena. Hapakuwa na mahali pa kufunga. Katika nyumba ile nzima hapakuwa na mahali popote ambapo mtu angeweza kushika kitu na kusema, sasa maji, simama.

Alipiga kelele ambazo hakujua anazo.

Jirani waliingia. Mmoja alikimbia kuitafuta vane ya kamati, mbali, karibu na soko. Mwingine, mtengeneza baiskeli, aliona mambo haraka: aliikunja tiyo juu ya goti lake kama mtu anayekunja shingo ya kuku, akaifunga kwa mpira wa ndani wa baiskeli, duru juu ya duru, mpaka maji yakawa matone. Ndipo wakaweza kuchimba.

Walimtoa hai. Walimbeba kwa kitanda chake mwenyewe mpaka hospitali kubwa, Cadette akitembea pembeni, miguu yake imejaa udongo, akimshika mkono. Mbavu na nyonga zilikuwa zimevunjika, na kifua kilikuwa kimemeza tope. Mzee alikuwa anaamka na kupotea. Mara moja aliamka akauliza kwa sauti iliyo wazi:

"Maji imefungwa?"

"Imefungwa, baba."

"Muzuri," alisema Théophile.

Hakumaliza juma.

Tambwe alifika siku ya maziko. Alikuwa ametoka Kabambare kwa pikipiki, akivuka vijito kwa miguu mahali ambapo madaraja yameoza, na matope yalimfika kiunoni. Alipita katikati ya watu bila kusalimia, akaenda mpaka kwenye jeneza, akaweka kichwa chake juu ya mbao. Hakuna aliyemsogeza mpaka mwalimu wa kanisa alipomgusa bega.

Kilioni, wanawake walikaa kwenye mikeka upande wa jikoni. Dada mkubwa wa Tambwe, Marie-Jeanne, alikuwa katikati yao. Alimpenda sana baba yake. Yeye ndiye aliyekuwa akimletea ugali wa moto kila Jumapili na kumnyoa ndevu. Siku ya pili ya kilio, wakati wanaume nao walikuwa wamenyamaza na kila neno liliweza kusikika, alisema:

"Baba aliishi miaka yote na maji ya mutoni, haikumuua. Njo watu wakataka maji mu nyumba, kama mama wa muzungu. Sasa muangalie."

Hakutaja jina. Hakuna aliyehitaji jina. Cadette aliinua macho yake akamtazama mumewe ng'ambo ya uwanja. Tambwe alikuwa amesikia. Alikuwa anatazama mikono yake. Cadette akangoja. Neno moja lingetosha. Tambwe akaendelea kutazama mikono yake, na mtu mmoja akaanzisha wimbo wa kanisa ili kuziba kimya kile.

Watu walipotawanyika, Tambwe alianza kubomoa. Alichimbua tiyo kutoka barabarani mpaka nyumbani, akazikatakata kwa panga. Aling'oa robine akaitupa uani. Cadette hakumzuia. Alichukua bido akashuka mtoni.

Njia ya mtoni haikuwa imebadilika: udongo mwekundu unaoteleza, wanawake kwenye mstari, wengine wakimpisha kwa sababu ya kilio chake na wengine wakimtazama zaidi ya ilivyopasa. Alipopanda na bido kichwani, shingo yake ilimkumbusha kila mwaka wa ujana wake. Alimkuta Tambwe amekaa juu ya kifusi. Alitua bido.

"Ile siku nilikupigia simu, nilikuambia nini?"

Tambwe hakugeuka. "Ulisema ukuta iko inatoa jasho."

"Hapana. Jasho uliisema wewe. Mimi nilisema baba anasikia maji."

Tambwe alivunja donge la tope kwa vidole.

"Na siku ya fundi, nilikuambia nini?"

"Cadette, acha. Ni baba yangu."

"Alikuwa na mimi kila siku. Nilimuogesha, nilimupikia, nilimufungia kamba ya kushika. Mimi njo nilimuchimba na vidole hivi." Alimwonyesha vidole, kucha mbili zilikuwa zimetoka. "Na wakaniambia mu kilio kama ni kiburi yangu ilimuua, na wewe ukakuwa pale."

Tambwe alifunika uso wake. Alilia kwa sauti ya chini, ya mtu asiyejua kulia. Cadette alimwacha alie. Moyo wake ulimvuta kumwendea, na kitu kingine kikamzuia, akabaki amesimama pale pale mpaka yeye aliponyamaza.

"Sitaki kuona tena maji mu nyumba hii," alisema Tambwe mwishowe.

"Wewe utarudia Kabambare. Mimi njo nitakuwa mutoni." Alisema bila hasira sasa, hasira ilikuwa imemchosha. "Maji haina kosa. Kosa ni ukuta iliyolowana, na hakuna mutu aliruhusiwa kuipasua. Mimi ninaishi humu. Niliona, nilisikia, nikaita fundi, na bado nilipashwa kungoja neno itoke Kabambare. Sitangoja tena. Kama nyumba hii haiko yangu ya kutosha nivunje ukuta siku iko inaanguka, uniambie leo, nirudi kwa mama yangu na Arlette."

Tambwe alisimama, akajipangusa suruali, akatoka uani bila kusema anakwenda wapi.

Alikokwenda, Cadette alikujua siku ya pili, Marie-Jeanne alipokuja. Aliingia peke yake, bila kitambaa kichwani, macho yake yamevimba upya. Alikaa kwenye kibao karibu na Cadette, akavuta rundo la majani ya sombe na kuanza kuchambua pamoja naye.

"Alikuja kwangu," alisema Marie-Jeanne. "Aliniambia ya simu."

"Ndiyo, wifi."

"Zote mbili."

Cadette aliendelea kuchambua. Marie-Jeanne alitaka kusema kitu kingine, kikakataa kutoka. Badala yake akauliza: "Alisema nini mu hospitali? Mimi nilifika amelala."

"Aliuliza kama maji imefungwa. Nikamuambia imefungwa. Akasema muzuri."

Marie-Jeanne aliinamisha kichwa juu ya majani. "Yeye na kufunga-funga," alisema. "Tukiwa watoto alikuwa anaamka kuangalia kama mulango imefungwa, kama moto imezimika." Na hapo ndipo alipoweka mkono wake juu ya mkono wa Cadette, juu ya zile kucha, akauacha hapo. Neno la kuomba msamaha halikutoka siku ile. Lilitoka baadaye, kanisani, mbele ya wanawake wale wale waliolisikia lile lingine. Lakini Cadette alisema kwamba kwake ule mkono ulikuwa umetosha.

Djuma aliitwa tena. Alimkuta Tambwe uani, na watu hawa wawili walisalimiana kwa taabu. Tambwe alisema tu, "Muulize Mama Arlette. Yeye njo atakuonyesha tiyo itapita wapi."

Cadette alikuwa ameshawaza. Hakutaka tiyo ipite ndani ya ukuta wowote. Robine ingesimama uani, mbali na msingi, juu ya nguzo ya mawe na simenti, na maji yanayomwagika yangeondoka kwa mfereji mpaka kwenye migomba. Ndani ya nyumba angeingiza ndoo mwenyewe. Hatua chache si mtoni. Na vane ziwe mbili: moja pale tiyo inapoingia kutoka barabarani, moja chini ya robine.

"Mbili?" aliuliza Djuma.

"Moja ikikamata kutu, nitafunga ingine."

Djuma alikata tiyo, akasugua ncha kwa msasa, akapaka kole, akaziacha zikauke bila haraka. Kwenye nyuzi za kukazia robine alizungusha utepe mweupe wa kuzuia maji. Cadette alikaa naye siku nzima akiuliza: kwa nini unasugua, kwa nini unangoja, mtu anajuaje kama kiungo kinavuja chini ya udongo? Djuma alimwambia wasifukie mfereji bado. Walifungua maji, wakafunga robine, wakamwaga majivu makavu juu ya kila kiungo na kuondoka. Waliporudi, kiungo kimoja kilikuwa kimelowesha majivu yake. Djuma alikikata akakifanya upya. Majivu ya safari ya pili yalibaki makavu, ndipo wakarudisha udongo.

Kisha Cadette akamshika Tambwe mkono, akamwongoza mpaka kwenye vane ya barabarani.

"Funga."

Tambwe alifunga. "Fungua." Akafungua. Cadette alimfundisha hivyo hivyo Arlette, na jirani yule mtengeneza baiskeli, na Marie-Jeanne, ambaye mwanzoni aliogopa kuigusa. Kila mtu aliyeweza kufika katika nyumba ile siku ya taabu alijua mahali pa kuweka mkono.

Tambwe hakurudi Kabambare msimu ule. Alifyatua matofali pamoja na vijana wa mtaa, na safari hii waliyachoma kwa moto kwenye tanuru, siku kadhaa za moshi, mpaka yakawa mekundu na kulia kama chungu yakigongwa. Jioni aliketi na mkewe. Kulikuwa na mambo kati yao ambayo hayakurekebishika. Cadette aliacha kumngoja aseme ndiyo kabla ya kufanya jambo la nyumba, na Tambwe, kila alipoona hivyo, alinyamaza, na kunyamaza huku hakukuwa kule kwa kilioni.

Ukuta mpya ulifika kwenye bati kabla ya mvua kubwa. Siku ya kuumaliza Marie-Jeanne alipika ugali na samaki kwa mafundi wote, akahudumia mwenyewe. Kabla hawajala, mwalimu wa kanisa aliombea roho ya Théophile, na Cadette akasimama karibu na robine, akawanawisha watu mikono mmoja mmoja, na mtu wa mwisho alipokwisha kunawa, akafunga robine.